Maganda ya korosho ya kusini yaingie maabara

Gunia la kilo 80 la korosho ghafi linalopimwa kwenye mizani ya chama cha msingi Nachingwea au Ruangwa lina kiini cha kilo 16 hadi 20 tu. Uzito mwingi uliobaki ni wa ganda, na ndani ya ganda hilo, katikati ya kuta zake mbili, mmejaa mafuta mazito ya rangi ya kahawia iliyokolea. Ukiyakamua vizuri, gunia moja linakupa kilo 10 na ushei. Bei inayosomwa kwenye minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ni ya kilo ya korosho nzima. Mafuta ya ganda hayapimwi wala hayapangiwi daraja. Yanapanda lori pamoja na korosho, yanashuka bandarini, na huko India au Vietnam anayebangua ndiye anayeyakamua na kuyauza.

Mafuta hayo nimeyafuatilia kwa sababu ya jambo linaloonekana kuwa mbali sana na shamba la mikorosho: chembe ndogo mno za sumaku zinazotumika kwenye maabara za hospitali na, kwa kiasi kidogo zaidi, ndani ya mwili wa binadamu. Chembe hizo hazifanyi kazi mpaka zivishwe ganda la polima au la kemikali yenye mkia mrefu wa mafuta. Kila msimu Lindi na Mtwara wanavuna malighafi inayostahili kujaribiwa kwa kazi hiyo, na wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuichunguza zaidi ya miaka 10 iliyopita. Ninachodai ni kwamba kazi yao ipewe maganda, ipewe fedha, na ielekezwe kwenye vitendanishi vya maabara, kwa sababu huko ndiko nchi inakoagiza karibu kila kitu kutoka nje huku mgonjwa wa wilayani akisubiri majibu.

Watu wa kusini wanayajua mafuta haya kwa mikono yao. Mwangalie mama anayebangua nyumbani. Anaweka bati juu ya mafiga, anamwaga korosho, na punde moshi mkali unapanda na mafuta yanayotoka kwenye maganda yanashika moto. Anageuza haraka kwa kijiti kirefu huku amegeuza uso pembeni. Akiona zimeiva anazimwaga chini na kuzifunika mchanga ili moto ufe. Kisha anapaka majivu viganjani, anasimamisha korosho juu ya jiwe, anaigonga pigo moja lililopimwa, na kiini kinatoka kizima. Majivu yanasaidia kwa muda. Baada ya siku chache za kazi ncha za vidole vyake ni nyeusi na ngozi inabanduka. Kinachomchoma ni jamii ya kemikali ambazo ndizo mwanakemia anazitafuta, na hilo nitalirudia, kwa kuwa linaamua ni wapi mafuta haya yanafaa kutumika na ni wapi hayafai.

Mafuta ya ganda bichi, yale ambayo hayajapita kwenye moto, ni mchanganyiko wa kemikali tatu kubwa. Asidi ya anakadiki huchukua asilimia 60 hadi 65, kadoli asilimia 15 hadi 20, na kadanoli kama asilimia 10. Ukiyapasha moto mkali, asidi ya anakadiki hupoteza kaboni dayoksaidi na kugeuka kuwa kadanoli. Kwa hiyo njia ya kubangua inaamua unabaki na nini. Bati la moto linaunguza karibu kila kitu. Kiwanda kinachopika korosho kwa mvuke kabla ya kuzikata kinaacha ganda likiwa na sehemu kubwa ya mafuta yake. Maganda ya namna hiyo ndiyo ninayoyazungumzia.

Sasa tuje kwenye chembe. Chukua magnetaiti, madini ya chuma ambayo sumaku huyavuta, uyatengeneze kuwa chembe za nanomita 10. Chembe 100,000 za ukubwa huo zikipangwa mstari mmoja zinafika milimita moja. Kwa udogo huo magnetaiti hubadilika tabia. Ukileta sumaku karibu inavutwa kwa nguvu, ukiiondoa inasahau kabisa kwamba ilikuwa sumaku, na chembe zinatawanyika tena kwenye kimiminika. Tabia hiyo ndiyo inayozifanya ziwe na faida kwa tabibu: unaweza kuzituma zikamate kitu, ukazikusanya kwa sumaku kutoka nje ya kichupa, ukaosha, kisha ukaziachia.

Tatizo ni kwamba chembe tupu hazikai zimetawanyika. Zinashikana na kufanya madonge kama unga wa muhogo uliomwagwa kwenye maji ya moto bila kukorogwa. Zikiingia kwenye damu hali ni mbaya zaidi. Protini za damu zinazigandia, ini na bandama zinazimeza, na zinaondolewa kabla hazijafika zilikotumwa. Ndiyo maana fani nzima ya chembe za sumaku katika tiba, ukiichunguza kwa makini, ni fani ya kutengeneza maganda. Kiini cha chuma kimejulikana kwa muda mrefu na kinatengenezwa kwa bei nafuu. Ugumu, gharama na hataza nyingi ziko kwenye kinachokizunguka.

Aliyefungua njia hiyo hakuwa akifikiria hospitali. Mwaka 1963 Stephen Papell, mhandisi wa NASA nchini Marekani, alitaka mafuta ya roketi yanayoweza kuvutwa kwa sumaku yakiwa angani, mahali ambapo hakuna uzito wa kuyashusha kuelekea pampu. Alisaga magnetaiti ndani ya mafuta kwa muda mrefu huku akitia asidi ya oleiki, ambayo imejaa kwenye mafuta ya zeituni. Kichwa cha asidi hiyo kilishika uso wa chuma na mkia wake mrefu ukatazama nje, chembe zikakaa zimetengana, zisishikane. Miaka 13 baadaye, huko Trondheim nchini Norway, John Ugelstad alipata njia ya kutengeneza shanga za polima zenye ukubwa ulio sawa kabisa, jambo ambalo wengi walidhani lingewezekana angani tu. Shanga hizo zilipojazwa chembe za oksidi ya chuma zikawa chombo cha kila siku cha maabara duniani: zinakamata seli, zinakamata virusi, zinakamata vinasaba.

Irudie ile picha ya asidi ya oleiki, kichwa kinachoshika chuma na mkia mrefu wa kaboni, halafu iangalie asidi ya anakadiki ya ganda la korosho. Mkia wake una kaboni 15. Kichwa chake ni cha jamii ya asidi ya salisiliki, iliyozaa aspirini, na kina sehemu mbili za kushikia madini mahali ambapo oleiki ina moja. Kwa mwanakemia huo ni mwaliko.

Na mwaliko huo ulipokelewa hapa nyumbani. Egid Mubofu, James Mdoe na Godson Kinunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha mwaka 2011 kazi ya kutumia mafuta ya maganda ya korosho kama kiunzi cha kutengeneza silika yenye vitundu vikubwa, kisha wakapandikiza kimeng'enya humo kikaendelea kufanya kazi. Mwaka 2013 Sixberth Mlowe, Mubofu na wenzao, wakishirikiana na kundi la Neerish Revaprasadu la Chuo Kikuu cha Zululand, Afrika Kusini, walionyesha kwamba asidi ya anakadiki inaweza kuvisha chembe za nano za madini ya risasi na kuzizuia zisishikane. Mubofu na James Mgaya wakaendelea kuandika juu ya njia za kugeuza taka za maganda kuwa kemikali za thamani. Hawa ni Watanzania, maganda ni ya Tanzania, na kazi zao zinasomwa na wataalamu wa nchi nyingine.

Chembe za risasi si chembe za chuma, na hakuna mtu mwenye akili atakayepeleka risasi hospitalini. Lakini hatua ya kutoka kwenye risasi hadi magnetaiti inaeleweka, kwani kanuni ya kichwa na mkia ni moja. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kigumu. Chembe iliyovishwa mkia wa mafuta hupenda mafuta na kukimbia maji, ilhali damu, mkojo na makohozi ni maji. Lazima ivishwe ganda la pili, la polima inayopenda maji. Hapo kadanoli ina nafasi yake, kwa sababu inakubali kuunganishwa kuwa polima kwa njia zaidi ya moja. Viwanda vimefanya hivyo tangu karne iliyopita, kwa rangi, gundi na unga unaotiwa kwenye breki za magari.

Nimesema nitarudi kwenye mikono ya mama. Kemikali inayobandua ngozi haiingii kwenye mshipa wa mtu kwa kuwa tu inatoka kwenye mti tunaoupenda. Historia ya dawa za chuma inatufundisha hilo vizuri, na nataka kukaa hapo kidogo kwa sababu inahusu ugonjwa ambao kila kliniki ya wajawazito Nachingwea na Ruangwa inaujua.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Anayekwenda kliniki anapewa vidonge vya chuma vya FEFO. Vidonge vinasaidia, ila vinachafua tumbo, vinafunga choo, na wengi wanaviacha kwenye mfuko wa karatasi juu ya kabati. Njia nyingine ni kuweka chuma moja kwa moja kwenye mshipa. Chuma kitupu kwenye damu ni sumu, kwa hiyo tangu miaka ya 1950 wafamasia wamekuwa wakikivisha ganda la sukari zilizoungana kwa mnyororo mrefu, yaani polima. Dawa hizo ni chembe za nano hata kama kwenye boksi hazijaitwa hivyo. Ganda la kwanza, la dekstrani, liliokoa watu wengi lakini liliwaletea wengine mzio mkali, na kwa baadhi yao mzio ulioua. Ferumoksitoli, ambayo kiini chake ni oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya huko iliiwekea onyo kali kabisa kwa sababu hiyohiyo ya mzio. Feriki kaboksimaltosi, yenye ganda jingine, imekuwa na usalama bora kuliko ile ya dekstrani. Chuma ni kilekile mwili unachokihitaji. Ganda likibadilika, hatima ya mgonjwa nayo inabadilika.

Na hii si habari ya ng'ambo peke yake. Kati ya mwaka 2015 na 2017 Taasisi ya Afya ya Ifakara na washirika wake walijaribu feriki kaboksimaltosi kwa akina mama 230 waliotoka kujifungua, Bagamoyo na Dar es Salaam, wakiilinganisha na vidonge. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 kwenye jarida la The Lancet Global Health yalionyesha kwamba waliopewa sindano damu yao ilipanda vizuri zaidi, na dawa ilikuwa salama. Malawi walijaribu dawa hiyohiyo kwa wajawazito 862, wakachapisha mwaka 2023: akiba ya chuma iliongezeka, ila ilipofika wiki ya 36 ya ujauzito idadi ya wenye upungufu wa damu haikupungua kwa kiwango cha kutosha kusema sindano imeshinda vidonge. Malaria na maambukizi mengine nayo hula damu, na ganda zuri haliwezi kuyafuta hayo.

Kwa hiyo ninapokutana na kijana wa sayansi anayeota kutengeneza dawa ya saratani kwa chembe za sumaku zilizovishwa mafuta ya korosho, namwambia asubiri. Ujerumani kampuni ya MagForce ilipata kibali cha Ulaya mwaka 2010 cha kutibu uvimbe wa ubongo kwa kupasha moto chembe za sumaku zilizodungwa ndani ya uvimbe. Fizikia yake ilikuwa sahihi, fedha zilikuwepo, madaktari walikuwepo. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilifilisika. Dawa za chembe za sumaku za kung'arisha picha za MRI za ini nazo ziliidhinishwa miaka ya 1990, kisha nyingi zikaondolewa sokoni kwa kukosa wanunuzi. Njia ya kuingia mwilini ni ndefu kwa matajiri, na kwetu ni ndefu maradufu.

Maabara ni habari nyingine, kwa sababu huko chembe haiingii mwilini mwa mtu.

Fikiria mtoto wa wiki 6 aliyezaliwa na mama mwenye VVU. Muuguzi anamtoboa kisigino, matone ya damu yanaangukia kwenye duara za karatasi maalumu, karatasi inakaushwa, inafungwa kwenye bahasha na kuanza safari kuelekea maabara kubwa. Ikifika, kipande cha karatasi kinaloweshwa kwenye kimiminika kinachovunja kila kitu. Kisha zinaongezwa chembe za sumaku zilizovishwa silika au polima. Vinasaba vya virusi, kama vipo, vinajinata kwenye ganda la chembe. Sumaku inasogezwa, chembe zote zinakimbilia ukutani mwa kichupa, uchafu unamwagwa, zinaoshwa, zinaoshwa tena, halafu sumaku inaondolewa na vinasaba safi vinaachiliwa ili vipimwe. Mashine kubwa za kupima wingi wa virusi kwa watu wazima zinafanya kazi kwa njia hiyohiyo. Mtu hagusi chochote. Kama kitendanishi kimekwisha, mashine ya mabilioni inakaa kimya, na mama wa kijijini anaambiwa arudi mwezi ujao.

Kwa kazi hii ganda halihitaji kuwa salama kwa damu. Linahitaji kukamata, kuachia, na kufanana kutoka chupa hadi chupa. Anayelitengeneza avae glavu. Sharti la usafi ni kali, lakini ni sharti ambalo maabara ya kemia ya chuo kikuu inaweza kulifikia kwa miaka michache badala ya miongo. Na tukishindwa, tutakuwa tumeharibu chupa kadhaa za vitendanishi na hakuna mgonjwa aliyedhurika.

Kuna watakaosema haya ni makubwa mno kwa wilaya zinazolilia barabara na maji. Nawaelewa, na Nachingwea ina sababu zake za kutoamini miradi mikubwa. Mwaka 1946 ujumbe wa Uingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka nchi kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi London na mpango wa kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3. Nachingwea ikafyekwa, ikajengewa reli kutoka pwani, ikaletewa matrekta yaliyokwisha kutumika vitani. Majaribio ya udongo na mvua yalipaswa kutangulia, yakaja nyuma. Kufikia Januari 1951 mpango ulikuwa umezikwa, na pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zilikuwa zimetoweka. Reli ilikuja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kisha yakaja makosa yetu wenyewe. Baada ya uhuru nchi ilijenga viwanda vikubwa 12 vya kubangua korosho, cha Nachingwea kikiwemo, kwa mikopo na mitambo ya Italia na Japani, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 110,000 kwa mwaka. Wakati vinakamilika korosho zenyewe zilikuwa zinaporomoka. Mavuno yalitoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi karibu tani 16,500 msimu wa 1986/87. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ya kukatisha tamaa, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa unakausha maua. Viwanda vikakosa cha kubangua, na vingi viliishia kuwa maghala.

Leo hali ya shambani imegeuka. Salfa inapigwa dhidi ya ubwiriunga, mavuno ya nchi yalipita tani 310,000 msimu wa 2017/18 na yamepanda zaidi tangu hapo, na minada ya kusini ya Oktoba 2024 ilifunguliwa kwa bei iliyozidi shilingi 4,000 kwa kilo. Bei ikiwa hivyo mkulima hana sababu ya kuulizia ganda. Mimi naona huu ndio wakati hasa wa kuuliza, wakati ushirika una fedha mkononi, kuliko kungoja mwaka ambao India itapunguza bei na kila mtu ataanza kutafuta mchawi.

Niseme jambo moja ambalo wapiga debe wa teknolojia hulikwepa. Chembe za sumaku za maabara hazitanunua maganda ya RUNALI. Kilo chache za asidi ya anakadiki iliyosafishwa zinatosha vipimo vingi mno, na mkulima wa Mnero au Nandagala hatapata shilingi ya ziada kwenye kilo yake kwa sababu ya vipimo. Fedha ya ganda iko kwenye kazi zisizo na sifa: breki, rangi za meli, gundi za mbao, nishati ya kuchemshia mvuke wa kiwanda chenyewe. Faida ya maabara ni ya aina nyingine. Inazaa watu wanaojua kutenganisha, kupima na kuthibitisha ubora wa kemikali, na watu haohao ndio watakaohitajika siku kiwanda cha mafuta ya maganda kitakapotaka kuuza nje kwa bei ya bidhaa iliyosafishwa badala ya bei ya pipa la mafuta machafu. Ruangwa tayari imeona madini yake ya kinywe yakichimbwa Matambalale na kuondoka yakiwa kinywe. Sitaki korosho iendelee kutusimulia hadithi ileile.

Uwezo upo. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha alitengeneza chujio la maji kwa teknolojia ya nano, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Alianza na tatizo la maji ya kijijini, akatafuta kemia inayolitatua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinajenga kampasi ya kilimo mkoani Lindi kupitia mradi wa HEET wa elimu ya juu. Kampasi ya kilimo iliyozungukwa na mikorosho, isiyo na maabara ya kukamua na kuchambua mafuta ya ganda, itakuwa imejengwa mahali sahihi na kuacha nje kitu kilichoipeleka pale.

Ningependa kuona mambo yakienda kwa ukubwa unaolingana na tunachokijua. Bodi ya Korosho na RUNALI wakubaliane na kiwanda kimoja kinachobangua kwa mvuke, kiweke kando maganda ya kundi moja linalojulikana limetoka chama gani cha msingi, limevunwa mwezi gani na limepikwa kwa muda gani. Mwanakemia asiyejua hayo hawezi kurudia kazi yake mara ya pili, na kitendanishi kisichorudika hakina thamani. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, igharamie wanafunzi wa uzamili watakaovisha magnetaiti kwa asidi ya anakadiki, kisha kwa polima inayopenda maji, na kuzijaribu chembe hizo kwenye vinasaba vya bakteria wasio na madhara kabla ya kugusa sampuli ya mtu. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, iitwe mezani mwanzoni kabisa, itamke ni vigezo gani itadai, ili watafiti wasitumie miaka 5 kutengeneza kitu ambacho hakiwezi kusajiliwa. Na wabanguaji wanaoungua mikono wahesabiwe ndani ya mradi huu: glavu, mashine za kukatia, na mafunzo ya kupika kwa mvuke viwafikie wao kwanza, kwa kuwa ganda linalofika maabara likiwa na mafuta yake ni ganda ambalo halikuungua mbele ya uso wa mtu.

Gharama ya kazi ya kwanza ni ndogo kuliko bajeti ya semina moja ya siku 3. Maganda ya kilo 100, yaliyokaushwa, yakafungwa na kuandikwa asili yake, yanaweza kutoka Nachingwea kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kwa lori la kawaida msimu huu. Yatatoa zaidi ya kilo 20 za mafuta, na hizo zinatosha kumjulisha mwanafunzi mmoja, ndani ya mwaka mmoja, kama chembe zilizovishwa korosho zinakamata vinasaba vizuri kama zile tunazoagiza. Akikuta hazikamati, aandike hivyo na achapishe.